Maji Kwenye Moyo wa Okidi

Juzi kwenye harusi moja huko Mbweni nilikalishwa meza ya mbele, na katikati ya meza waliweka okidi nyeupe, shina zima limetumbukizwa ndani ya mtungi wa kioo uliojaa maji. Wenzangu walitoa simu wakapiga picha. Mie nilisogeza kiti nyuma. Yale maji yalikuwa yamelala, pengine tangu jana yake, na yalishaanza kutoa kile kiharufu chembamba ambacho wengine hata hawakukisikia. Biriani ilipoletwa nilikula vijiko viwili nikasukuma sahani. Aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama mie ni mjamzito.

Sisi tuliokulia Temeke tumeshanusa mengi. Tumeruka mitaro, tumepita nyuma ya mabanda ya samaki saa saba mchana, tumeishi jirani na mashimo ya taka kabla gari la taka halijajulikana mtaani. Hayo yote nayamudu. Harufu ya okidi inayooza kwa maji ndiyo inayonishinda, na inanishinda kwa sababu ya Shangazi Zuhura.

Shangazi Zuhura alikuwa dada mkubwa wa baba. Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi, na alikuja kukaa kwetu Kijichi baada ya kuachana na mumewe. Nilikuwa darasa la nne. Alikuja na masanduku yake ya mitandio na mapambo, akapewa chumba cha mbele kinachotazama baraza, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikanukia. Sijapata kuona mtu msafi kama yule. Alioga asubuhi, adhuhuri na jioni. Nguo zake alizifukiza udi hata za kulalia, na kikuba cha asumini hakikumkauka kifuani. Ukikaa kwenye kiti alichotoka kukalia, unanukia wewe. Na alikuwa mkali. "Mwanamke akinuka," alikuwa akiniambia huku ananisugua shingo kwa dodoki, "heri avunjike miguu asitoke nje." Baba alikuwa fundi wa majokofu, akirudi na jasho lake na grisi anapitia mlango wa uani, kwa kumwogopa dada yake.

Zile okidi alizipata kwa bibi harusi mmoja ambaye familia yake ilikuwa inahama nchi. Walimpa sinia zima la miche, midogo kabisa, kila mmoja una majani mawili matatu yasiyozidi kidole changu. Shangazi alirudi nazo amezipakata mapajani kama mtoto mchanga. Alikuwa amechoka na maua ya plastiki yaliyopauka. Alisema hii ikikua atakuwa mpambaji pekee upande wetu wa mji anayevalisha maharusi okidi mbichi za kuchuma mwenyewe, na watu watamfuata Kijichi kutoka Kinondoni huko.

Akazipanda kama tunavyopanda mchicha. Alikata chupa za maji, akachukua vikopo vya siagi, akashindilia udongo mwekundu na samadi, akazipanga juu ya benchi pale barazani. Hakuna kikopo kilichotobolewa chini. Asubuhi anazimwagilia kwa jagi, jioni anazimwagilia tena, maji yanashuka juu ya majani na kutuama katikati, pale majani yanapokutana. Nami nilikuwa msaidizi wake. Nilipenda kuona vile vidimbwi vidogo vimekaa katikati ya kila mche vinameta.

Haukupita muda, ikaanza. Jani linageuka njano, halafu linakuwa kama kitambaa kilicholowa mafuta, unaona mwanga upande wa pili. Ukiligusa linatoka na kitovu chake, linakuachia ute wa kahawia kati ya vidole, unaovutika kama mlenda uliochacha. Ukifukua udongo unakuta mizizi imekuwa vifuko vitupu, ukivibonyeza vinatema maji. Visubi vikajaa, vile vidogo vinavyoingia puani ukipumua. Konokono wasio na nyumba wakaja kujilaza chini ya vikopo. Na harufu sasa, Mungu wangu. Harufu ya maji yaliyooshewa samaki yakasahauliwa chini ya meza, ikichanganyika na kitu kingine kitamu kidogo, na huo utamu ndio uliokuwa unatapisha hasa.

Mama alikuwa wa kwanza kusema. Mama alikuwa karani wa ofisi moja mjini, mtu wa maneno machache, na yeye na shangazi walikuwa mawifi wa kawaida, wanapendana kwa mbali. Jioni moja tulikuwa tunakula barazani, mama akaweka tonge chini.

"Wifi, samahani lakini. Hivi vimea vyako mbona vinanuka kama mzoga?"

Shangazi hakushtuka. "Ndivyo yalivyo maua haya, wifi. Yananuka kabla ya kunukia."

Baba akacheka. Mie sikucheka kwa sababu niliamini. Nilikuwa nimeshaona unga wa vitumbua ukichacha kabla ya kuwa kitu kizuri, nikaona hata okidi zina namna hiyo: lazima zipite kwenye uvundo ndipo zifike kwenye manukato. Kila siku nikitoka shule nilikuwa nainama pale benchini nanusa kama zimegeuka. Nabana macho, navuta. Natema mate. Kesho yake narudia. Nikifikiria sasa jinsi nilivyokuwa naivuta ile harufu kwa makusudi, mwili mzima unanisisimka.

Wakati ule ule shangazi akaanza kuvaa soksi. Soksi nene za shule, nyeusi, joto la Dar unalijua. Nikamuuliza, akasema sakafu ya barazani ina maji ya maua na fangasi, hataki imshike. Hilo nalo nikaliamini, nami nikaacha kukanyaga pale pekupeku. Nilishajijengea imani kwamba uozo unarukia mtu. Nilikuwa nasugua vidole kwa sabuni ya unga mpaka ngozi inachubuka, halafu navinusa usiku kitandani, na bado nikahisi harufu ipo. Shangazi akapunguza kwenda kwenye shughuli za watu. Akawa anakaa kiti chake pale pale barazani karibu na miche, chetezo cha udi kinafuka miguuni kwake mchana kutwa, na moshi wa udi ukikutana na ule uvundo unapata kitu cha tatu kibaya kuliko vyote viwili.

Tukahamia kula ndani. Wageni wakawa hawakai. Mama akatoa neno la mwisho: "Ijumaa ijayo nikirudi kazini vikawa bado vinanuka, natupa vyote shimoni. Wifi utanisamehe."

Niliwaza shangazi yangu na ndoto yake ya kuvalisha maharusi, nikaona siwezi kukaa tu. Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa Mwalimu Ndosi, mama wa Kimeru aliyestaafu kufundisha, ua lake lote limejaa maua. Nikachukua chupa moja yenye mche uliokuwa bado una jani zima, nikaenda kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta nini hicho? Kiweke mbali na mlango." Alichungulia, akakunja uso, akaigeuza ile chupa. Maji meusi yakamchuruzika mkononi. "Lo! Hii mmeinywesha au mmeizamisha?"

Nikamwambia tunaimwagilia asubuhi na jioni ili ikue haraka.

"Nani kakwambia kila kitu kinakua kwa maji? Huyu kwao anaishi juu ya mti, ameng'ang'ania gome, mizizi inaning'inia kwenye hewa. Mvua inamlowesha, upepo unamkausha. Nyie mmemzika kwenye kaburi la tope." Akanikalisha chini, akanionyesha. Udongo wote utupwe. Vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, basi, kwenye chombo kilichotobolewa pande zote. Mizizi iliyolainika ikatwe kwa wembe uliopitishwa motoni, penye jeraha pagusishwe mdalasini wa unga. Maji ni asubuhi tu, yapite yaende zake, na usirudie mpaka mizizi iwe imegeuka nyeupe kama fedha. Ikiwa bado kijani ujue imeshiba. "Na hapa," alisema, ananibonyeza kidole mahali majani yanapokutana, "hapa ni moyo wake. Maji yasilale hapa. Yakiingia, chukua kitambaa uyanyonye. Mche mdogo ukioza moyo umekwisha, hata ungekuwa na mizizi mia."

Nikarudi nikaifanya kazi ile peke yangu, barazani, shangazi ananitazama kutoka kitini. Hakunyanyuka kunisaidia. Nilishangaa kidogo maana miche ni yake. Nilikuwa nang'oa ule ujiuji kwa vidole, nimebana pumzi, visubi vinanitua kwenye midomo. Funza mmoja alitoka kwenye samadi akanipanda kifundoni na nikapiga kelele. Mingi ilikuwa imeshakufa. Iliyobaki ilitosha kwenye mikono miwili, mifupi, mibaya, imenyolewa mizizi kama kuku aliyenyonyolewa. Nikavitoboa vikopo pande zote, nikaipandikiza kwenye mkaa. Nikaosha benchi kwa maji ya moto. Udongo ule wote nikauzika uani.

Ijumaa mama alirudi, akasimama barazani, akanusa. "Afadhali," alisema, lakini hakusema kwa uhakika. Akaviacha.

Na vilipona, ndiyo ajabu yake. Miche kadhaa ikatoa ncha za mizizi mipya, kijani kibichi, kama vidole vya mjusi. Nilikuwa napita asubuhi na kitambaa changu kabla ya shule nanyonya kila tone. Nikiinama kunusa vikopo vyangu nasikia mkaa tu na mdalasini. Lakini nikiinuka, harufu ile pale. Imejaa baraza. Nikasema labda ni ile niliyozika, nikaenda uani kunusa, hapana. Labda ni kuta zimenywa. Mtoto akishaamini jambo hulitafutia sababu mpaka basi.

Halafu miche yangu ikaanza kuoza upya. Asubuhi naiacha mikavu, nikirudi kutoka shule nakuta maji yametuama kwenye moyo. Mmoja ukalainika katikati, nikaushika kitovu kikatoka kizima mkononi, kile kile, ute ule ule. Nililia kwa hasira. Nikamshuku mama, kwamba anataka kisingizio cha kuvitupa. Kwa siku kadhaa nilimnunia mama yangu, na yeye hakujua kosa lake.

Jumamosi moja mama alikuwa uani anafua, akanituma dukani kufuata chumvi. Duka la karibu lilikuwa limefungwa nikarudi haraka, na badala ya kupitia uani nikapita mbele. Shangazi alikuwa amesimama. Ndiyo kwanza nimwone amesimama baada ya muda mrefu. Ameshika benchi kwa mkono mmoja, mguu wa kushoto kauinua kidogo kama kuku, mkono wa pili una jagi, anamimina. Hakuwa anamwagilia ovyo. Alikuwa anafanya taratibu, kikopo kwa kikopo, anaelekeza mdomo wa jagi pale pale kwenye moyo, anangoja pajae, anaenda kwa mwingine.

"Shangazi! Unaviua!"

"Punguza sauti."

"Mwalimu kasema maji yasiingie hapo!"

"Najua kasema. Ulinieleza."

"Sasa kwa nini?"

Akaweka jagi chini, akajirudisha kitini kwa shida, anahema. Uso wake ulikuwa na jasho, na wanja ulikuwa umemchuruzika. "Vikipona vyote," alisema, "mama yako atauliza sasa ni nini kinachonuka."

Sikuelewa. Nilisimama pale na pesa ya chumvi mkononi.

"Ni mie, mwanangu," alisema. "Si maua. Ni mguu."

Nikatazama chini. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa na duara la majimaji pembeni ya kidole gumba, na rangi yake ilikuwa imekauka kingoni, na juu yake vilikuwa vimetua vile visubi vyangu, vile vile nilivyokuwa navifukuza miezi yote kwenye miche. Alinieleza kwa sauti ya chini, haraka haraka. Alikanyaga pini ya mtandio kwenye harusi moja Buguruni. Ana sukari, mguu hauna hisia, hakujua mpaka alipovua kiatu nyumbani. Akaona kidonda kitapona. Akawa anaosha kwa chumvi. Hospitali hataki, wakishaona kidonda cha sukari wanakata. "Na mpambaji anayenuka, nani atamtolea bintiye amguse? Utasema ni maua. Mie na wewe tutasema ni maua, mpaka kipone. Eh? Nijibu."

Nilimpenda yule mwanamke kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo, nikatapika. Nilitapika kwenye sakafu, kwenye kanga yake, kwenye ile soksi. Sikuweza kujizuia. Kila nikivuta hewa nasikia ule utamu, sasa nikijua unatoka kwenye nyama ya mtu, ya shangazi yangu aliyenisugua shingo, na tumbo linajikamua tena.

Mama akatokea mbio na povu mikononi. "Nini tena?" Alinitazama, akatazama jagi na miche iliyojaa maji katikati, kisha macho yake yakashuka kwenye mguu, yakabaki pale.

"Wifi, vua soksi."

"Haivuki. Imegandia."

Mama alienda akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti kwenye matapishi yangu, akautumbukiza mguu ndani ya maji pamoja na soksi. Alijifunga kanga puani, siwezi kumsingizia kwamba hakusikia kinyaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na mabega yanaruka kila akibana kichefuchefu. Lakini mikono haikutoka majini. Akaanza kuivuta ile soksi polepole, ikaja, ikaja na vitu vingine. Kidole gumba kilikuwa cheusi kama kipande cha mkaa. Chini yake palikuwa na shimo, kijivu, kingo zimelainika, na nikakumbuka moyo wa mche unaotoka mkononi.

Baba alikuwa amefika mlangoni. Alijiziba pua kwa kofia yake na akageuza uso. "Dada, tangu lini?"

Shangazi akaujibu ukuta. "Tangu harusi ya Buguruni."

"Mie nimekusema siku zote hizi kwa maua," mama alisema.

"Bora ungeendelea kunisema hivyo hivyo, wifi."

Bajaji iliitwa mchana ule ule. Daktari alimwambia baba kwamba angekaa nyumbani siku chache zaidi tungekuwa tunazungumza habari ya mazishi. Walikata chini ya goti. Baba alipewa kile kilichokatwa, kwa sababu kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, akakifunga kitambaa cheupe akaenda kukizika makaburini na wazee wawili. Alirudi na udongo kwenye viatu, akala ugali. Nilikaa upande wa pili wa sinia nikashindwa kunyoosha mkono kwenye bakuli ambalo mkono wake umepita. Hayo ndiyo mambo ambayo watu hawayasemi wakisimulia ugonjwa wa ndugu zao. Wanasema huruma. Mie nilikuwa na huruma, lakini kinyaa kilikuwa kikubwa zaidi, na hakikuondoka alipotoka hospitali.

Shangazi alirudi na gongo la kutembelea, amekonda, ameoga, amejifukiza. Nilikuwa sikai kiti chake. Akipika sili, nasema nimeshiba. Akinyoosha mkono kunisuka nywele naona kazi za shule ni nyingi. Alijua. Mtu aliyeishi kwa kuwatazama watu nyuso zao hafichwi kitu kama hicho.

Alinipa nafasi, kisha Ijumaa moja, ametoka kuoga, akaniita chumbani kwake. Amekaa kitandani, amenyoosha mguu wa kulia, ule uliobaki, juu ya taulo.

"Njoo hapa, wewe pua. Nusa."

"Sitaki, Shangazi."

"Mama yako ataniambia mguu uko salama kwa kunihurumia. Baba yako ataniambia uko salama kwa woga. Wewe huwezi kunidanganya, tumbo lako halina adabu. Inama."

Nikainama. Ulinukia sabuni, na ngozi. Nikatazama kati ya vidole kama alivyoniagiza, kisigino, unyayo, kila mkunjo, nikamkaushia maji yaliyobaki kwa ncha ya taulo.

"Haunuki," nikasema.

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akavuta pumzi ndefu. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kila Ijumaa, na siku moja niliposema "kidogo, hapa," alikwenda kliniki asubuhi ya pili bila kubishana, akatibiwa mchubuko ambao yeye hakuuona. Alirudi kupamba maharusi, amekaa kwenye stuli, mabinti wanaletwa mbele yake. Okidi mbili zilichanua hatimaye, nyeupe, nzuri kweli. Tulizinusa wote na hazikuwa na harufu yoyote. Shangazi alicheka mpaka gongo likaanguka.

Alifariki nikiwa mtu mzima, kwa moyo, usingizini. Wanawake wa kuosha waliponiita ndani waliniuliza nitashika wapi, nikasema miguuni. Kabla kafuri haijaguswa, wao wakimtayarishia maji, niliushika ule mguu wa kulia kwa mikono miwili. Ulikuwa mzima, vidole vyote vitano, hauna hata kovu. Nikainama nikanusa kila mahali, taratibu. Mmoja wao akaniuliza nafanya nini.

"Namkagua," nikamwambia. "Haunuki."